Wiki Mbili za Kushiba

Jumatano, 3 Septemba

Mizani imesema yale yale. Nikashuka, nikavua pete na saa, nikapanda tena. Yale yale. Themanini na tatu. Huu ni mwezi wa pili haitikisiki.

Uji wa wimbi nusu bakuli, hauna sukari. Yai moja. Nimesimama kituoni Mtopanga nimejifunga mtandio mpaka shingoni kwa baridi, na watu wote wanajipepea.

Mahakamani Shanzu leo nimekosea. Shahidi, mzee wa Kigiriama, alisema mbuzi walipita uani kwake. Mimi nikatafsiri kwamba mbuzi walivunja ua. Wakili akasimama, hakimu akaniuliza mara mbili. Miaka yote ya ukalimani sijapata kumtia mtu maneno mdomoni. Nimeona aibu hadi masikio yakawaka.

Kilo tatu zimebaki. Tatu tu. Daktari wa figo alisema wazi: nikishuka chini ya themanini, vipimo vya mwisho. Juu ya hapo hanigusi, kunipasua anitoe figo ya kumpa Twalib ni hatari kwangu mwenyewe. Damu yangu na ya Twalib zilishakubaliana tangu mwaka jana. Ni huu mwili tu uliosimama njiani, na Twalib ndugu yangu yuko upande wa pili anangoja, na mashine inamsafisha damu mara mbili kwa wiki.

Nilianza na mia na mbili. Zimeshuka zile zote, hizi tatu zimegoma. Kwa nini? Nataka kujua kwa kweli, si kulalamika.

Jumamosi, 6 Septemba

Kliniki. Bi. Nekesa, mtaalamu wa lishe, ni mtu wa bara, wa Bungoma. Ana sauti ya mwalimu wa kwaya. Nilitarajia anipunguzie chakula tena. Nilikuwa nimeshaamua nitakubali.

Akasema, "Pumzika."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Wiki mbili. Ongeza chakula. Sio kula kama uko harusini. Kula cha kukushikilia hapo ulipo, usipande, usishuke. Kisha tutarudi kazini."

Nikamwambia ndugu yangu yuko kwenye mashine. Akasema anajua. Akanieleza polepole. Mwili uliokaa na upungufu wa chakula miezi mingi hujifunza kubana matumizi. Mtu hutembea kidogo bila kujua, hukaa pale alipokuwa akisimama, husikia baridi, hukasirika. Na mwili mdogo wenyewe unahitaji chakula kidogo kuliko ule mkubwa wa mwanzo. Kwa hiyo kile kilichokuwa upungufu zamani sasa si upungufu tena.

Nikamwuliza swali nililolibeba wiki nzima. Yawezekana mwili umekataa kwa sababu moyo unaogopa kisu?

Hakucheka. Akasema, "Mwili wako hauna habari ya figo, dada. Unajua tu kwamba sufuria imepungua."

Je, nitashuka tena baada ya hapo? Akasema wengine hushuka, wengine hawapati tofauti kubwa, ila hupata nguvu ya kuendelea. "Tujaribu tuone."

Nimetoka nikiwa na hamu ya kuona. Hofu pia. Sijamwambia mtu yeyote. Nitaanzaje?

Jumapili, 7 Septemba

Mahamri mawili, mbaazi za nazi. Nimekula mezani, nimekaa, kwa sahani nzuri.

Nilisahau kwamba nazi ina utamu wake bila sukari. Nilisahau iliki. Tangu Februari nilikuwa nameza chakula kama dawa.

Mchana wali, changu wa kukaanga, kachumbari. Nikalala mpaka adhana ya alasiri. Usingizi mzito, hauna ndoto za mkate.

Jumanne, 9 Septemba

Kilo moja na nusu imepanda. Kwa siku mbili.

Nimekaa juu ya kitanda. Nimempigia Bi. Nekesa asubuhi hiyo hiyo, bila hata salamu. Akasema ni maji na chumvi, wali huvuta maji, mafuta hayapatikani haraka hivyo. Akaniamuru mizani niisukume uvunguni mpaka wiki mbili ziishe.

Nimeisukuma. Lakini nimebaki najiuliza. Maji hayo yamekaa wapi? Nimejibonyeza miguuni, nimejitazama usoni kwenye kioo. Sioni kitu. Ila vidole vina joto. Vyote kumi. Nimevishika shavuni mara kadhaa ofisini, watu wakanitazama.

Ijumaa, 12 Septemba

Kesi ya shamba, mashahidi watatu, nimekalimani kutwa. Sikukosea neno. Zaidi ya hapo, nilisikia pale shahidi aliposita kabla ya kutaja jina la kaka yake, nami nikasita palepale. Wiki iliyopita nisingelisikia hilo.

Atieno, karani tunayekaa naye chumba kimoja, aliniambia wakati wa chai, "Madam, leo umerudi. Ulikuwa umeenda wapi?"

Sijui nilikuwa nimeenda wapi. Lakini swali nimelifurahia.

Jumapili, 14 Septemba

Siku mbaya.

Jioni nilisimama pale wanapouza viazi karai, karibu na msikiti. Nilikuwa nimehesabia viazi hivyo katika chakula cha leo, vilikuwa halali yangu. Ukwaju unanichuruzika kidoleni. Nikageuka, nikamwona Rahma, mke wa Twalib. Mkoba wa dawa mkononi. Alikuwa anatoka kumnunulia.

Akaitazama sahani. Akanitazama mimi.

"Dada Zuhura. Ndiyo hivyo?"

Nikajitahidi. Nikasema ni mpango wa kliniki, ni wiki mbili tu, ni kama likizo. Neno hilo lilipotoka nilitamani kulirudisha.

"Likizo," akasema. "Mashine haina likizo."

Akaenda zake. Hakupaza sauti. Afadhali angelipaza.

Viazi nimevimaliza. Kwa hasira, wallahi. Havikuwa na ladha yoyote.

Jumatatu, 15 Septemba

Mama amepiga simu. Anakaa kwao Twalib, kwa hiyo ameshaelezwa. Sauti yake ya upole, ile anayoitumia kwa wagonjwa.

"Zuhura mwanangu, kama moyo wako umerudi nyuma, sema mapema. Hakuna atakayekulaumu."

Nikasema la, Mama, haujarudi. Kisha nikamuaga haraka mno, naye akaisikia ile haraka.

Naogopa. Naliandika hapa kwa mara ya kwanza. Naogopa kupasuliwa. Naogopa kubaki na moja, kisha hiyo moja nayo iugue nikizeeka. Naogopa zaidi kwamba nitaitoa na mwili wa Twalib utaikataa, na sote wawili tutakuwa tumekatwa bure. Haya hayajanizuia kushinda na njaa miezi saba. Lakini yapo.

Usiku sikula. Nilisema liwalo na liwe, nirudi kwenye njaa, wanione nimekonda, wanyamaze. Ilikuwa rahisi ajabu. Hapo ndipo niliposhtuka. Njaa ile haikuwa kwa ajili ya Twalib. Ilikuwa ya kumwonyesha Rahma.

Nikaingia jikoni nikapasha wali wa mchana.

Jumatano, 17 Septemba

Twalib amekuja mwenyewe. Hakupiga simu. Amefika analemewa na ngazi, amekaa kitini muda mrefu kabla hajaweza kusema. Amekuwa mwembamba. Mkono wa kushoto umevimba mshipa, pale wanapomchoma sindano za mashine. Nilimletea maji kwa mazoea, akachukua funda moja akaweka bilauri chini. Maji yake ya siku anayapima.

"Nasikia waponda raha," akasema.

Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikamweleza yote. Aliuliza maswali mengi. Mwili unajuaje? Nani aliyeligundua? Na baridi imeondoka? Na wakati wa njaa, ni tumbo linalouma au kichwa? Twalib yuko hivyo tangu utotoni, alikuwa akifungua redio za Baba kuona sauti inakaa wapi. Sikuwa nimemwona na hamu ya kujua kitu tangu alipougua.

"Jana ulikula nini?"

"Mbaazi."

"Za nazi?"

"Za nazi."

Akafumba macho. "Nieleze."

Yeye mbaazi haruhusiwi, nazi haruhusiwi, hata ndizi. Nikaona haya kidogo, kisha nikaona ndiyo kazi yangu hii, kuyachukua ya mtu mmoja nikayafikisha kwa mwingine. Nikamweleza. Tui zito lilivyojikusanya juu. Mbaazi iliyoiva hadi imepasuka ganda lakini haijavurugika. Pilipili moja mbichi imeachwa nzima, inanukia tu, haiwashi. Hamri lililochovywa kwa ncha. Alikuwa akitabasamu macho yamefumbwa.

Nilipomaliza nikamwambia naogopa.

Akafumbua. "Na mimi pia. Wewe waogopa kunipa, mimi naogopa kupokea. Ikinifia mwilini, nitakutazamaje?"

Nikasogeza kiti changu karibu na chake. Tukakaa. Jirani alikuwa anatwanga kitu, hatukujua nini.

"Wataka niiache hii likizo?" nikamwuliza.

"Nataka ule. Wiki ziishe, uendelee. Hiyo figo naitaka, dada. Sikufichi."

Nimefurahi amesema hivyo. Kila siku husema nisijisumbue. Leo amesema anaitaka.

Jumamosi, 20 Septemba

Mwisho wa wiki mbili. Nimeitoa mizani uvunguni, nimeipangusa vumbi.

Themanini na tatu na kidogo. Kidogo sana.

Nimesimama juu yake muda. Wiki mbili za wali, samaki, mahamri, viazi karai, na mwili haujaenda popote. Miezi yote hii niliamini kwamba nikilegeza kidole kimoja nitarudi mia na mbili. Nilikuwa najilinda kama mtu aliyefunga mbwa mkali. Nimefungua, na mbwa amelala.

Ina maana naweza kula hivi na kubaki nilivyo. Hakuna aliyewahi kuniambia. Au waliniambia, sikuamini.

Jumapili, 21 Septemba

Nimerudi kwenye kupunguza. Uji, yai. Bi. Nekesa ameongeza samaki mchana na ameniambia nitembee kutoka stendi ya Shanzu hadi mahakamani badala ya kupanda bodaboda.

Njaa imekuja saa ya kawaida. Si kubwa kama nilivyoikumbuka. Naweza kuitazama.

Jumanne, 30 Septemba

Mizani imeshuka. Si sana, lakini imeshuka, na imekaa huko siku ya tatu.

Nikampigia Bi. Nekesa kumshukuru. Nikamwuliza, ni ile likizo? Akasema huenda. Huenda pia ni kutembea, au kwamba sasa nalala, au yale maji yamejiondokea yenyewe. "Siwezi kukuapia, dada." Nampenda kwa hilo.

Nilikuwa na furaha hadi saa tisa.

Saa tisa Mama akapiga. Twalib amezimia akiwa kwenye mashine, presha imeshuka ghafla. Nimetoka kortini nikamwacha mkalimani mwenzangu katikati ya kesi. Hospitali nimemkuta Rahma kwenye benchi la korido, viatu vyake kavivaa kinyume, kushoto kulia. Nimekaa kando yake. Muuguzi alitoka akasema amezinduka, anaongea, ila moyo unachoka na hii hali. Haifai kuendelea hivi muda mrefu.

Rahma akainama, akakaa akivitazama viatu vyake. Nikainama nikamsaidia kuvibadilisha.

Jumatano, 1 Oktoba

Nataka kukata chakula nusu. Nataka kilo hizi ziishe wiki hii. Nimempigia Bi. Nekesa nikamweleza ya jana.

"Usithubutu," akasema. Kisha, "Pole sana, dada. Lakini usithubutu. Wanataka mtu mwenye nguvu kwenye kile kitanda."

Nimekula chakula changu chote. Ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya mwaka huu. Kukaa na njaa kulikuwa rahisi kuliko hiki.

Ijumaa, 17 Oktoba

Themanini na moja na nusu. Twalib yuko nyumbani, anazungumza, amedhoofu. Nimepita kumwona. Rahma alinifungulia mlango akasema karibu, akaenda zake jikoni.

Twalib aliniomba nimweleze pilau.

Jumapili, 2 Novemba

Themanini na nusu. Imesimama tena tangu Jumatano. Sikushtuka sana. Nimengoja.

Alhamisi, 13 Novemba

Sabini na tisa na robo. Mizani ya hospitali, si yangu. Daktari ameitazama, amenipandisha tena, amesema sawa. Vipimo vya moyo na figo Jumatatu. Vikipita, tutapangiwa siku. Akaniuliza kama bado nataka. Nikasema naogopa na bado nataka. Akasema ndivyo wengi wanavyosema.

Sikumpigia mtu. Nimekaa kwanza bustanini nje ya hospitali, nimejishika ubavu, hapo upande wa kushoto watakapopasua. Nimejiuliza kama figo itajua imehama. Mvua ya vuli ikaanza, ikanifukuza.

Nikaenda moja kwa moja kwao. Twalib alikuwa amelala, ametoka kwenye mashine asubuhi. Mama yuko kwenye msala, anaswali. Rahma peke yake sebuleni, anachambua mchele. Nikasimama mlangoni natiririka maji, nikamwambia uzito umekubaliwa.

Alitia mkono ndani ya mchele akauacha humo.

Kisha akaniuliza, "Umekula?"

Nikasema bado.

Akainuka akaenda kuniletea sahani.