Madaftari Mawili ya Shemeji Yako

Kwako mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini mgongo umepungua kuuma na watoto hawajambo. Mimi mzima, bado nainua mbao ambazo vijana wanazikimbia. Unajua kusoma kunanishinda, lakini mwandiko huu ni wangu mwenyewe, siku tatu nimeukalia.

Nimepigwa na butwaa, ndugu yangu. Kule karakana nilisema mlango wa posta niliutengeneza peke yangu kwa siku nne. Wakacheka, eti mzee anapiga chuku. Shemeji yako huandika kila siku, basi nikamwambia binti yetu anitafutie ushahidi. Akatoa madaftari mawili, dayari na jenali. Nikamwambia asinichezee, daftari ni daftari. Akasema hapana baba, kwenye dayari mama huandika kilichofanyika, kwenye jenali huandika kilichomkaa moyoni.

Dayari ikasema siku tisa. Tisa! Chini yake: barua ya shemeji imejibiwa, yaani yako wewe. Nikamwambia afungue na jenali, huenda huko ni nne. Akakataa, mambo ya mama hayasomwi. Nikang'ang'ania, unanijua. Akasoma mistari miwili, akataka kulifunga. Nikamwambia aendelee. Huko ndiko nilikosikia habari ya barua zako.

Tangu tugombane kwa ajili ya randa ya baba, ile aliyolainishia mbao, barua zako nilikataa kusomewa. Kila ilipofika moja nilimwamuru shemeji yako akujibu kwamba sina ndugu, na siku ukifa nisiambiwe. Nilimtajia neno kwa neno huku napiga meza. Kumbe yeye, mbele ya macho yangu, aliandika kwamba nakusalimu na nakukumbuka. Miaka kumi na tisa!

Nilimfuata jikoni nikafoka. Hata kisu hakukiweka chini. Akaniuliza, kama angeandika nilivyosema, leo ningekuwa na ndugu gani wa kumfokea?

Basi ujue: salamu zote ulizopokea hazikuwa zangu. Zangu zilikuwa matusi. Ukizichana, una haki. Kuhusu randa sijakosea, wala sitasema nimekosea. Lakini barua zako alizitunza zote, na jana binti amenisomea mpaka ya mwisho. Nimelia mbele ya mtoto.

Wasalimie wa nyumbani kwako. Shemeji yako sijamwonyesha barua hii, asije akairekebisha.

Ni mimi, kaka yako,
Fundi