Plasta Nimeibandua

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Darubini nimeichukua, na ile plasta uliyozungushia kipete cha lenzi ya kulia, eti tusivuruge kipimo cha macho yako, nimeibandua. Asubuhi ulimwambia Mjomba nikisikia: "Huyu macho hana, atahesabu ndege gani?"

Ninayo! Nilikunja mirija miwili ya darubini mpaka maduara mawili yakawa moja. Nikafumba jicho la kulia, nikazungusha gurudumu la kati. Nikafumba la kushoto, nikazungusha kipete. Nikaona hadi kucha za kunguru juu ya mnara wa simu.

~~Nisamehe.~~ Leo napimwa ziwani kwa ile kazi ya kuhesabu ndege, na nitaipata. Nikirudi, darubini anashika Mama kwanza. Miaka yote hii umekuwa ukimwambia kwamba na yeye hana macho.

Binti yako