Saini Yangu Haipatikani

Deichweg 9,
Westerhamm, karibu na Leer,
Ujerumani.

23 Septemba

Mpendwa Bibi Almuth,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko ng'ambo, Blumenau, na goti lako limepata nafuu tangu ulipoteleza kwenye ngazi za kanisa. Mimi sijambo. Mama mdogo Gesche naye hajambo, ingawa amekonda. Huku mvua zimeanza, na mabata bukini wamerudi malishoni nyuma ya tuta la bahari, wanapiga kelele tangu alfajiri. Pole tena kwa msiba wa dada yako. Shada ulilotuma tuliliweka karibu kabisa na kichwa cha Bibi.

Najua Mjomba Habbo amekupigia simu. Alituambia mwenyewe kwamba atakuomba unitie akili. Basi naomba usome haya kwanza kabla hujanipigia. Unanijua, kwenye simu ninabaki "ndiyo, ndiyo" tu. Kwenye karatasi ninajiweza.

Bibi tulimzika Ijumaa. Jumamosi Mama mdogo alifungua kopo la biskuti, lile la kuwekea vikaratasi vyetu vya filamu ya upelelezi, akakuta wosia juu kabisa. Wosia ulisema nyumba na bustani ni vya Gesche, kwa kuwa aliacha kazi yake ya kuoka mikate akamuuguza mama yake miaka tisa. Mjomba aliusoma mara mbili, akasema, "Haya, Mama kaamua." Alinuna, lakini alikubali. Jumatatu ungepelekwa mahakamani kama inavyotakiwa.

Jumapili hatukujua tufanye nini, tukafanya tulichozoea. Saa mbili na robo usiku televisheni ikawashwa kwa filamu ya upelelezi ya kila Jumapili, chai ikawekwa, na kila mtu akaandika jina la anayemshuku kuwa muuaji na kukisukuma kikaratasi chake chini ya bakuli la sukari. Kiti cha Bibi tulikiacha wazi. Filamu ilikuwa ya ndugu watatu wanaogombea shamba la mizabibu la baba yao, na mmoja kakutwa amekufa ndani ya pipa la mvinyo. Labda wewe pia uliitazama huko, maana saa zenu ziko nyuma yetu, jua likiwa bado juu.

Mjomba alianza kuwatukana kama kawaida. "Huyo mwenye miwani! Mtazameni anavyokula! Asiye na hatia hali hivyo!"

"Basi wewe ungefungwa zamani," Mama mdogo akamjibu. Tulicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Halafu yule mpelelezi, mwanamke mwenye koti la mvua, akauweka wosia wa mzee mezani na kusema hauna nguvu yoyote. Mzee alitia saini tu, maneno yaliandikwa na mtu mwingine. Wosia wa nyumbani lazima mwenyewe auandike kwa mkono wake, tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

Nikakiweka kikombe changu chini. Bibi Almuth, wosia wetu niliuandika mimi.

Unakumbuka vidole vya Bibi vilivyojikunja. Miaka mitatu ya mwisho kalamu aliiweza kwa saini tu, kwa hiyo hata vikaratasi vya muuaji nilimwandikia mimi. Alininong'oneza jina sikioni ili Mjomba asiliibe. Februari, filamu moja ilipokwisha na wengine wakaondoka, aliniambia, "Usiweke kalamu chini, Tomke. Kuna lingine." Akasema, nikaandika, akatia saini, akaniagiza nisimwambie mtu mpaka siku yake ifike. Wote wawili hatukujua kwamba tunakosea. Na mahakamani hakuna ambaye angegundua, kwa sababu mwandiko wangu ndio wake. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, kwenye meza hiyohiyo, baada ya Mama kufariki.

Nilikimbilia jikoni. Mama mdogo alinifuata, akanitazama usoni.

"Ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Akafunga mlango. "Basi nyamaza, mwanangu. Nakuomba. Nyamaza tu, si ndicho unachokiweza siku zote?"

Simlaumu. Ana miaka hamsini na miwili na hana kwingine pa kwenda. Lakini maneno yale yalinichoma kwa kuwa ni ya kweli. Shuleni miaka yote walinijua kama yule asiyenyoosha mkono. Nikafikiria karatasi ile ikisomwa mbele ya hakimu kama mwandiko wa Bibi, nami nimekaa hapo nimetulia. Bibi alikosea kumbashiri muuaji Jumapili kumi na moja mfululizo, na hakubadilisha kikaratasi hata kimoja.

Nikarudi sebuleni na kusimama mbele ya televisheni.

"Sogea, we mtoto, wanamkamata!" Mjomba akapiga kelele.

"Wosia niliuandika mimi," nikasema. "Maneno ni ya Bibi, mkono ni wangu."

Mpaka leo sijui nani alimtia yule mtu ndani ya pipa.

Mama mdogo hakusema nami siku mbili. Mjomba yeye alianza kupiga mluzi. Jumanne alikuja na bwana mmoja wa Hamburg anayetaka kuigeuza nyumba iwe vyumba vya watalii. Walipima madirisha, wakapima sebule, wakakanyaga maua ya Bibi bila hata kutazama chini. Mjomba si mtu mbaya, wewe ulimlea likizo ngapi. Anasema paa linavuja, na kweli linavuja. Lakini mama yake hakuwa na hata wiki moja kaburini.

Alhamisi akaja na keki ya plamu na karatasi za kuuza nyumba kutoka kwa wakili. Akamimina chai mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Hapa, hapa na hapa," akasema. "Gesche, mimi, halafu Tomke."

"Mimi kwa nini?"

"Utaratibu tu. Fungu la marehemu mama yako. Wosia ukianguka, vinagawanywa mara tatu."

"Na nisipotia saini?"

"Usipotia haiuzwi. Mmoja wetu akikataa haiuzwi. Lakini kwa nini usitie, bibie? Msichana mdogo utafanya nini na nyumba kongwe?"

Mama mdogo alikuwa ameshashika kalamu. Alidhani wawili wakikubali, wa tatu hana lake. Nilimwona akiisimamisha hewani.

Mjomba akainua birika animiminie kikombe cha nne. Wewe unajua kwamba kwetu kijiko kikiingia kikombeni maana yake imetosha, usinimiminie tena. Nikakichukua kijiko changu kwenye kisahani, nikakitumbukiza kikombeni.

"Nimekuomba saini, sikukuuliza habari ya chai."

"Hilo ndilo jibu, Mjomba. Imetosha."

Bonge la sukari likapasuka ndani ya chai ya moto kwenye kikombe chake. Kisha Mama mdogo akaiweka kalamu, akachukua kijiko chake, akakitia kikombeni pia.

Mjomba ameapa kwenda mahakamani ili nyumba ipigwe mnada. Sheria inamruhusu, hilo silifichi. Jumatatu nilikwenda mahakamani kwa baiskeli kuuliza, na nilimuuliza karani kwa sauti, watu wakigeuka. Alisema inaweza kuchukua mwaka na zaidi, na kwamba tunaweza kupatana kabla ya hapo. Basi aende. Fungu lake silikani. Nimemwambia avune tufaha, alete wanawe, tusaidiane kuezeka paa. Ila Mama mdogo hatoki kwenye nyumba ile kwa saini yangu. Oktoba ninaanza kusomea uuguzi, na nitalala chumba kilekile cha juu.

Kwa hiyo Bibi, ukinipigia kunishawishi, huenda kwa aibu nikakujibu "ndiyo, ndiyo". Usiiamini. Amini barua hii.

Jumapili iliyopita Mjomba hakuja. Tulimwekea kikombe hata hivyo, na kikaratasi kitupu chini ya bakuli la sukari. Akikupigia tena, mwambie kiti chake hakijauzwa.

Mama mdogo anakusalimu sana, na jirani yetu Frerich pia. Nisalimie binti yako Heike na wanawe Livia na Renato. Mungu akutulizie goti hilo na akuweke, maana wewe ndiye bibi niliyebaki naye.

Mjukuu wako anayekupenda, ambaye bado hajatia saini,

Tomke