Mkwe Wangu na Matunda Mekundu

Uyole, Mbeya
Kipupwe kimeshika

Mama yangu mpenzi,

Kamwene, Mama. Kamwene kwa Baba pia, na kwa wote hapo Ipogolo. Mgongo unaendeleaje? Au bado unainama bondeni kukata milulu ya vikapu na baridi hii, ukiambiwa upumzike husikii? Sisi huku wazima. Ila baridi ya Uyole si ya mchezo. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga.

Shangazi Agata, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii, maana mwenye miwani hapo ni wewe. Tafadhali soma yote kwa sauti, usiruke mahali. Siku naondoka na Ambakisye ulisema mbele ya watu kwamba zizi la kaka yako litaota majani, kwamba Wanyakyusa hawatakaa na binti wa Kihehe mwenye mdomo kama wangu, watanirudisha. Nawe Mama ukanishika mkono ukaniambia, "Felista mwanangu, huko uendako ufunge mdomo." Haya, sikilizeni sasa kazi iliyofanywa na mdomo huo.

Mnajua baba yake Ambakisye hakuitaka ndoa hii. Alitaka mwanawe aoe kwao Tukuyu, na ng'ombe wa mahari hakuleta hata mmoja. Basi mwezi uliopita akatuma neno kwamba anakuja mwenyewe kunitazama, aamue moja: ng'ombe waende Iringa, au mimi nirudi Iringa. Mama, nilikonda.

Na kunitazama kwenyewe si kwa macho. Kwao mke haonani na baba mkwe wake. Hawajagombana, ni heshima. Hasemi naye, hali mbele yake, jina lake halitaji, ndiyo maana hata hapa siliandiki. Akitokea njiani, mimi nachepuka nachutama, nimejifunika kanga. Mke akimsemesha mkwe, hata neno moja, ameaibisha ukoo mzima. Kwa hiyo mzee alipofika, Ambakisye alimlaza kwa jirani yetu Msafwa, na mimi nikawa mtu wa jikoni tu, chakula nakitoa kwa mlango wa nyuma.

Sasa nikueleze matunda. Ambakisye ndiye mtunza bustani wa Memsabu, mke wa Mzungu mwenye shamba. Huyu Memsabu alileta mbegu za vichaka kutoka kwao Ulaya, akavipanda mistari miwili toka langoni hadi barazani. Mwaka mzima havina maana, ni majani na miiba ya kumchana mume wangu mikono. Lakini kikiingia kipupwe, maua yote yameungua kwa baridi, ndipo vyenyewe vinavaa: matunda madogo mekundu, mengine rangi ya chungwa, mengine manjano, vishada kwa vishada mpaka tawi halionekani. Hayaliwi. Ni ya kutazama tu. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini, mti wa kutazama! Siku hizi nayapenda kuliko hata anavyoyapenda Memsabu mwenyewe.

Basi binti ya Memsabu alikuwa anaolewa Jumamosi, na maua hakuna. Memsabu akamwambia Ambakisye kwa Kiswahili chake, "Hii matunda yote nataka kwa harusi. Ikipotea, wewe kwenda kabisa." Wiki nzima mume wangu alishinda na kombeo akifukuza ndege. Hatukujua kwamba adui hana mabawa, ana fimbo na koti refu.

Alhamisi asubuhi Ambakisye alipanda lori kwenda mjini kuchukua viti vya wageni. Mimi niko jikoni nakoroga uji, na nyumba yetu imepakana na lango la Memsabu. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango, nikamwona mzee.

Mama, mzee wa watu ana kahawa yake Tukuyu, ameichuma tangu ujana, na macho yake yamechoka. Kaona kichaka, kaona punje nyekundu zimeiva mpaka zinaanguka, mwanawe hayupo. Na kwao mgeni hakai amekunja mikono huku mazao yanaharibika. Akakitungua kikapu kilichoning'inia nje, kile chako cha milulu, akaanza kuchuma. Na anajua kuchuma, jamani! Mikono yote miwili, miiba haijali, huku ananung'unika, "Kahawa gani hii ya Wazungu, ina miiba? Na huyu mwanangu mvivu, anaiacha inakauka mtini!"

Moyo ulinilipuka paa! Nikimwita, nimevunja mwiko, narudishwa. Nikinyamaza, mume wangu hana kazi, na aliyemponza ni baba yake mzazi. Nikashika mlango, nikauachia, nikaushika tena. Mstari mmoja ulikuwa umebaki majani matupu.

Ndipo kuku wangu akanipita miguuni. Nikamfokea kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"We kuku! Nani kakwambia hiyo ni kahawa? Hayo ni mapambo ya harusi ya binti ya Memsabu! Ukidonoa hata moja tena, mwenye bustani anafukuzwa kazi. Koma!"

Kuku wa watu akasimama, hajui kosa lake. Mikono ya mzee nayo ikasimama. Nikasema moyoni, nimekwisha.

Halafu nikamsikia anakohoa. Hakugeuka. Akakiambia kichaka, "We mti, kwa nini hukusema mapema? Miti ya siku hizi haina adabu, inamwacha mzee anajiaibisha." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Sasa nimemharibia mtoto wangu. Nifanyeje?"

Mama, sauti hiyo ilinitia uchungu. Hasira yote ikaniisha. Nikamwambia kuku, "Usilie. Kilichochumwa hakirudi mtini, lakini kinatungika. Kilete kikapu hapa mlangoni."

Akakiweka mlangoni, akaenda kukaa nje, mgongo ameupa ukuta. Mimi nikakaa ndani, mgongo ukuta uleule. Nikachukua msumari wangu wa kusukia na nyuzi za milulu ulizonipa, nikaanza kutunga matunda kama shanga: mekundu, manjano, mekundu, chungwa. Nyuzi nyingine nikazipenyeza chini ya mlango, naye akatunga. Vidole vyake vizito, lakini hakuharibu hata tunda moja. Kuku akiwa katikati yetu, tukapiga soga mpaka jua likasimama. Mzee akamuuliza kuku, "Kikapu hiki kilichosukwa hivi, kazi ya nani?" Nikamwambia kuku, "Mama yangu, Ipogolo." Akasema, "Hm!" Hm yenyewe ilikuwa ndefu.

Ambakisye aliporudi akaona mstari mtupu, aliketi chini pale pale langoni, kofia mkononi. Hata kabla sijamweleza, Memsabu huyo anashuka ngazi. Mzee alikuwa amekwisha kwenda kwa jirani, basi nikatoka na mikufu yetu mikononi, mingi mpaka inaburuta. Nikaiinua juu. Memsabu akafungua mdomo ufoke, ukasahau kufoka. "Nani fanya hii?" Nikamjibu, "Mimi na baba mkwe, Memsabu." Akauvaa mmoja pale pale, akakimbia ndani kumwita binti yake kama mtoto!

Jumamosi mikufu ilining'inia kanisani na kuzunguka baraza lote, na ule mzuri kuliko yote, aliotunga mzee, bibi harusi aliuzungusha kichwani juu ya shela. Mzee alisimama nje ya uzio na koti lake, anamwonyesha kila mpita njia, "Ule kichwani, wangu ule!" Ambakisye kazi yake iko palepale, na sasa Memsabu anataka mikufu kila kipupwe.

Jumapili mzee aliondoka. Mimi nimejibanza jikoni. Akaja mpaka ukutani, akasimama ameupa mgongo, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Kuku, ndaga. Waambie wa nyumba hii kwamba mke mwenye akili hivi harudishwi. Kikapu nimekichukua. Waambie na wa Ipogolo nakileta mwenyewe mavuno yakiisha, nakuja nikiswaga ng'ombe." Mama, nililia mpaka uji ukaungua.

Kwa hiyo Baba ang'oe majani zizini na aimarishe lango. Shangazi, hapo hapo, rudia kusoma taratibu.

Msalimie Bibi aliyenifundisha kukata milulu, na mama mdogo wa ng'ambo ya mto, na kaka na mkewe. Unisukie kikapu kingine, maana changu kimepata mwenyewe. Kuku naye anawasalimu. Huyo hachinjwi kamwe.

Ni mimi binti yako, mwenye mdomo uleule, na harudi tena ila kwa matembezi,

Felista