Vijiti vya Jibini vya Wifi Yangu

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta kifua chako kimetulia na lile vumbi la machimbo halijakuzidi. Sisi huku tu wazima. Mguu wangu wa kushoto bado unavimba nikisimama sana, lakini wa kulia hauna neno, basi tunaushukuru huo. Shemeji yako, fundi redio, anakusalimu sana; meza imejaa redio za watu mpaka siku hizi tunakula tukiwa tumepakata sahani. Wapwa zako wanakua, viatu vinawakataa, na kila mmoja anadai kuwa yeye ndiye unayempenda zaidi.

Barua yako ya shukrani imefika. Nimeisoma mara moja tu, kisha nikaisukuma chini ya godoro, maana sina uso wa kuisoma tena. Unanishukuru kwa kumpokea mkeo kama mtoto wa kumzaa mwenyewe. Unasema amerudi hana baya hata moja la kunisema. Halafu huko chini kabisa, kama mtu anayetaja mvua, unaniambia kwamba tangu arudi hataki kusimama mbele ya mafuta, kwamba karai lake amempa jirani, na kwamba ukimuuliza anasema mikono yake haina kazi tena. Unataka kujua kama mimi najua kilichomsibu.

Najua. Ndiyo maana ninaandika badala ya kukupigia simu. Kwenye simu wewe ni mwepesi wa kucheka, nami ningejificha kwenye kicheko chako kama nilivyojificha mara ile nyingine. Kaa chini, mdogo wangu, na mkeo akiwa karibu usimtume dukani. Nitakwambia kwa nini.

Unakumbuka ulivyonileta wifi. Kiwanda cha kushona kilikuwa kimefungwa, naye alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu mpaka akawa anaomba radhi kwa kila kitu, hata kwa kupita mlangoni. Uliniambia nimshike mkono mpaka apate shughuli. Siku zile za mwanzo alikuwa akinywa chai anakiosha kikombe kabla hakijapoa, kana kwamba tungemfukuza kwa sababu ya kikombe. Nilimhurumia, sikudanganyi. Nilimpa kitanda cha dirishani na khanga zangu mbili mpya.

Basi siku moja mfugaji mmoja akaja kuchukua redio yake, akafurahi ilivyokuwa inasema, akamletea fundi bonge la jibini. Mimi na jibini hatujuani. Nikaliweka kwenye friji likae tu. Wifi akaliona, akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini kama anaweza kulitumia. Nikamwambia alitumie, lisije likaota ndevu.

Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama. Alilikata vipande virefu, vyote sawa, kwa yale macho ya mtu aliyezoea kupima kitambaa. Akavigaragaza kwenye unga, akavitumbukiza kwenye mayai yaliyopigwa, akavizungusha kwenye mkate mkavu aliokuwa ameusaga kwa chupa. Nikadhani kazi imekwisha, kumbe anarudia tena: mayai, mkate. Akaniambia koti moja halitoshi, jibini likipata moto hutafuta pa kutokea. Kisha akavipanga kwenye trei, akavifungia kwenye friza viwe vigumu kama mawe. Hapo ndipo alipokaza sauti kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu. Alisema vikilainika kabla ya kuingia kwenye mafuta, ndiyo basi, vimekufa, hata ukivirudisha kwenye baridi ni kujisumbua.

Vilipotoka kwenye karai vilikuwa na rangi ya mkate wa asubuhi. Ukikivunja kimoja, jibini linavutika mpaka linakuchekesha. Wapwa zako walipigana mieleka kwa ajili ya kile cha mwisho. Na fundi, unajua ulimi wake, akafuta vidole akauliza, hivi siku zote hizi tulikuwa tunakula nini humu ndani.

Nilicheka pamoja nao. Lakini neno lile lilinikaa rohoni. Mimi ndiye niliyekulisha wewe tangu mama alipotutoka, kwa mkono huu huu, na sikuwahi kusikia mtu akilalamika. Sasa kila nikiingia jikoni watoto wanauliza kama leo anapika mke wa mjomba. Nikipika mimi wanakula vizuri, wanashukuru vizuri, kama wageni. Wifi hakuwa na kosa. Ila nilianza kuona kwamba hata jinsi anavyotundika kitambaa cha vyombo inaniudhi.

Hata hivyo ni mimi mwenyewe niliyemtafutia riziki, nalo nalitaja kwa kuwa ni kweli. Kuna mteja wangu wa saluni, tunamwita Mama Kantini, ndiye anayesimamia kantini ya chuo. Nikiwa namsuka, nilimpa kijiti kimoja akakila huku kichwa chake kikiwa mikononi mwangu. Alitafuna, akaniambia nisitishe kwanza kusuka. Alikuwa anatafuta mtu wa vitafunio na hajampata. Alisema atakuja mwenyewe amwone akikaanga, kwa sababu kila mtu anaweza kuleta sahani iliyopoa na kudai ni mkono wake.

Wewe unajua furaha iliyofuata, maana ilikufikia. Wifi alikuwa anatembea nyumba nzima akijisemea. Mkaanza kupanga kwamba akipata, utaomba uhamisho uje kwenye karakana ya huku, mpangishe chumba, muache kuishi kwenye lile vumbi linalokukohoza. Ulinipigia ukaniambia Dada, umetuokoa. Nikajibu usijali, ndiyo kazi ya dada.

Siku yenyewe ikafika. Trei aliiandaa jana yake na kuifungia kwenye friza. Mama Kantini akaja amejifunga kitambaa kizuri, akakataa kukaa sebuleni, akataka kiti pale pale mlangoni pa jiko. Mafuta yakapata moto. Wifi akaitoa trei. Nakumbuka alipitisha kidole chini yake, akasita kidogo, akanitazama, kisha akamtazama mgeni aliyekuwa anasubiri. Akatumbukiza vya kwanza.

Vilitulia kidogo, nikajisemea heri. Halafu kimoja kikapasuka ubavuni, kikafuata kingine, jibini likamwagika, mafuta yakaanza kutoa povu na kuruka. Alivyotoa vilikuwa maganda matupu. Akapunguza moto, akatia vingine, vikapasuka. Akaongeza moto, ikawa vile vile. Kijiko cha matundu kikawa kinagonga ukingo wa karai. Mama Kantini, mtu muungwana yule, alichukua ganda moja akalila lote, kisha akaomba maji ya kunywa.

Na hapo, mdogo wangu, mimi nikafungua mdomo. Nikamwambia mgeni atusamehe, wifi yangu bado anajifunza. Nikasema huku natabasamu, kwa sauti ile ninayotumia kwa wateja.  Wifi alizima jiko, akachukua kitambaa, akaanza kufuta mafuta yaliyoruka ukutani.

Wewe nilikwambia kwenye simu kwamba mafuta yalikuwa mabaya. Ukacheka, ukasema basi atajaribu kwingine. Nikacheka na mimi. Wifi alikaa siku chache, akafunga begi, akasema amekukumbuka. Nilimsindikiza mpaka kituoni nimembebea begi. Akanikumbatia, akanishukuru kwa kila kitu, nami nikarudi nyumbani natembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Siku iliyofuata tukiwa tunakula, fundi akakumbuka kwamba ana ujumbe wangu. Wifi alikuwa amewaachia watoto trei nyingine, ipo droo ya chini ya friza. Na alimwomba aniambie hivi: nisiitoe mpaka mafuta yawe yameshapata moto, kwa sababu vikikaa nje hata kidogo vinatoa jasho, na vikirudishwa, lile jasho linaganda chini ya trei na koti halishiki tena. Fundi aliyasema hayo huku anatafuna, akidhani ni mapishi. Akaongeza kwamba wifi alimsisitizia anieleze mimi, wala si watoto.

Niliacha chakula changu nikaenda kukaa uani. Alijua. Alijua tangu alipopitisha kidole chini ya trei.

Sasa nakwambia kwa mkono wangu. Asubuhi ile ya mgeni nilinunua nyama, friza ikawa haina nafasi. Niliitoa trei ya wifi nikaiweka kwenye meza ya jikoni karibu na dirisha, penye jua, niingize nyama kwanza. Mteja akaniita mbele, kwenye saluni, nikaenda kumalizia nywele zake, tukapiga soga. Niliporudi vijiti vilikuwa vinatoa jasho, ukivigusa vinabonyea. Wifi alikuwa ametoka kununua mafuta mapya. Nilikuwa na muda wa kutosha kumwambia. Jibini lilikuwa limebaki, angekata vingine, angemwomba mgeni aje jioni. Lakini nilisukuma nyama pembeni, nikairudisha trei mahali pake kama nilivyoikuta, nikaosha mikono. Aliporudi akaniuliza kama kila kitu kiko sawa, nikamwambia kila kitu kiko sawa.

Ukiniuliza kama nilikusudia, nitakwambia kuitoa sikukusudia. Kunyamaza nilikusudia. Nilijiambia labda vitashika. Na ndani ya hilo labda kulikuwa na jambo lingine ambalo naona haya kuliandika: nilitaka watoto wamwone akikosea, mara moja tu. Mara moja tu fundi aseme, kumbe na yeye ni mtu. Wala fundi hakusema. Alimsaidia kufuta ukuta.

Na yeye angeweza kunitaja pale pale, mbele ya mgeni. Angesema trei hii imetolewa, muulize mwenye nyumba. Alikuwa nyumbani kwangu, analala kitandani kwangu, akaona afadhali apoteze kazi kuliko kuniaibisha mlangoni pangu. Mimi nikamlipa kwa kumwita mwanafunzi. Nikikumbuka lile neno, masikio yananiwaka hata nikiwa peke yangu.

Watoto hawakuila ile trei ya pili. Niliifunga kwenye magazeti na barafu, nikaipeleka mbio kantini. Nikamwomba Mama Kantini anipishe kwenye jiko lake, akanipisha huku ananiangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. Nikasubiri mafuta yapate moto kabisa ndipo nikafungua magazeti. Havikupasuka, mdogo wangu. Hata kimoja hakikuvuja. Alikivunja kimoja, jibini likavutika mpaka kifuani kwake, akauliza huu ni mkono wa nani. Nikamjibu ni wa yule yule. Akauliza, sasa siku ile ilikuwaje.

Nikamweleza yote, nimesimama na kijiko chake mkononi, wasaidizi wake wanasikia. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Alikifuta kijiko, akakitundika, akasema nafasi ameishikilia mpaka chuo kifunguliwe, kwa sababu aliowajaribu wengine hawakumridhisha. Akasema wifi aje, akaangie pale pale kantini. Kisha akasema aje peke yake, mimi nisimlete. Tangu siku hiyo hajaja kusukwa kwangu, nami simlaumu.

Fundi naye nimemwambia. Hakutania. Aliwasha redio moja mbovu akaishughulikia mpaka jioni. Watoto bado, hao nitawaambia wifi akiwepo, akitaka wajue. Asipotaka, wataendelea kuniona mwema na nitalibeba.

Basi naomba mambo mawili. La kwanza, msomee wifi barua hii yote, usiruke mahali, hata pale pa kitambaa cha vyombo. Usinitetee. Najua utataka kumkumbusha kwamba mimi ndiye niliyekulea. Usimwambie hivyo, maana atanisamehe kwa ajili yako, na mimi sitaki anisamehe kwa ajili yako. Akiamua kutokanyaga tena kwangu, Mama Kantini ana chumba cha wasaidizi nyuma ya jiko, nimekwisha kuuliza. Akiamua kuja, kitanda cha dirishani kipo, na kwenye friza nimeondoa vitu vyangu vyote. Nyama tunanunua ya kula siku hiyo hiyo.

La pili ni dogo. Nenda kwa jirani yako, mwombe radhi, mwambie lile karai lilitolewa kwa makosa, na aliyekosea ni dada yako. Lichukue uliweke pale mkeo atakapoliona, kisha usimwambie lolote.

Nisalimie machimbo na hao unaokula nao vumbi. Kunywa maziwa, kifua kisikauke. Wifi sijui nimsalimie vipi. Mwambie tu kwamba mikono yake ni mizima, iliyokuwa mibovu ni yangu.

Ni mimi dada yako,
yule uliyekuwa ukimwita Mama wa Pili.