Samaki wa Pius na Jani la Masale

West Side, Buffalo,
New York.
11 Novemba 2025

Mpendwa wifi yangu Dafroza,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo wewe? Na goti lako la kushoto je, bado linakusumbua ukipanda ngazi, au dawa za Louisville zimelituliza? Shemeji Jean Bosco anaendeleaje na kazi ya ghala? Sisi sote wazima, Mungu anatutunza. Presha yangu imeshuka, na leo utajua sababu.

Pole kwa kunyimwa ruhusa kazini ukakosa kipaimara cha mjukuu wetu Clara. Alipendeza mno. Tena alimjibu padre kwa Kiswahili safi, yeye ambaye ukimwuliza chumvi iko wapi anakujibu Kiingereza.

Sasa kaa chini, wifi. Pius amepata samaki.

Narudia, usije ukadhani macho yanakudanganya: Pius, mume wa binti yangu Rozina, baba yake Clara, mkwe wetu, amevua trauti mrefu kuliko mkono wangu kuanzia begani hadi ncha ya kidole. Wewe ulicheka kwenye simu ukasema huyo hata samaki wa kopo atamponyoka. Haya, cheka sasa nikusikie!

Unajua tangu kiwanda kilipopunguza watu mwezi wa nne, naye akiwamo, mwanamume yule alinyamaza. Alikuwa anakula peke yake jikoni, sisi tukishamaliza. Siku moja akasimama mbele yetu akaahidi kwamba kwenye kipaimara wageni watakula samaki aliyemvua yeye mwenyewe. Miaka mitatu anakwenda mtoni na hajaleta hata gamba! Mwanangu Eliamini akapiga simu kutoka Columbus, akasema atanunua mbuzi kule Morse Road aje naye, eti kwa usalama. Simu ilikuwa kwenye spika, Pius akasikia. Baadaye Rozina akaniambia mumewe amesema akikosa safari hii ataondoka, akaishi mbali peke yake, maana hapa amekuwa mzigo. Wifi, nililia.

Mto wenyewe uko mwendo wa saa moja kwa gari, unaingia Ziwa Erie. Ni mto wa mvua. Ikinyesha unafurika, na trauti na samoni wanatoka ziwani kuupanda. Ikikatika siku nyingi, unabaki mawe matupu. Kwa hiyo wavuvi wote wanaitafuta ile siku ya katikati, maji yakiwa yameanza kung'aa lakini bado yapo. Ilinyesha Jumanne na Jumatano. Alhamisi Pius akaenda, nami nikapanda gari kwa sababu nilichoka kutazama ukuta. Maji yalikuwa chai ya maziwa. Yeye akatupa ndoana kutwa nzima, chambo kinarudi kama kilivyokwenda.

Lakini umesahau nilikokulia? Nyumba yetu kule mlimani ilikuwa pale pale mfongo unapochepuka mtoni kupeleka maji mashambani. Mafuriko yakibomoa kingo, baba alikuwa ananituma mimi nikatazame maji yanashuka kwa kasi gani, ndipo awaite watu waje kujenga. Basi nikachomeka kijiti pale maji yalipoishia, nikakaa. Baada ya saa mbili maji yalikuwa yamekiacha kwa upana wa kiganja. Nikajua: Jumamosi, saa nne asubuhi.

Tatizo ni kumwambia. Miaka kumi na sita mimi na mkwe wangu tunasalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama pembeni, kama inavyotakiwa. Mbele yake jina lake silitaji. Yuko hatua kumi kutoka nilipo, nikampigia Rozina simu nyumbani: "Mwambie mumeo aache, arudi Jumamosi saa nne." Mara simu ya Pius ikalia pale pale ukingoni. Akasikiliza huku anatazama miti, akasema, "Mwambie Mama nimesikia." Usicheke, adabu ni adabu.

Ijumaa wavuvi walijazana, nasikia wakarudi mikono mitupu. Kutangulia si kufika! Jumamosi saa nne maji yalikuwa kijani kama yaliyochemshiwa mchicha. Nikampigia tena Rozina, yuko nyumbani anakoroga masufuria ya sherehe: mwambie atupe nyuma ya jiwe jeusi, povu linapozunguka. Akatupa mara ya kwanza, hola. Ya pili, hola. Ya tatu, wifi yangu, mshipi ukanyooka, fimbo ikapinda, na samaki akaruka nje ya maji anang'aa!

Pius akaingia mtoni kumfuata. Mawe ya kule yana utelezi wa bamia. Mguu ukamtoka, akaenda chini mpaka kifuani, anachukuliwa na maji, fimbo bado ameishika. Nikatupa simu. Nikaingia na viatu vyangu vya kanisani, nikamdaka mkanda wa kiunoni kwa mikono miwili, nikapiga kelele, "Pius! Mwanangu! Usiachie!" Hakuachia, na mimi sikuachia. Tulitoka wote watatu, mkwe, mama mkwe na samaki, tumelala kwenye tope. Kisha kila mtu akatazama upande wake kwa aibu, huku simu nyasini inalia, "Mama, kuna nini? Nani amekufa?"

Eliamini alipofika jioni na mbuzi wake aliyekatwakatwa, alimtazama yule samaki, akaenda kumpa shemeji yake mkono. Mbuzi yuko kwenye friza mpaka leo.

Hata hivyo moyo wangu haukutulia. Unaikumbuka siku ya posa, mimi na wewe jikoni? Tulisema, "Huyu hatamlisha mtoto wetu," tena tukapaza sauti kusudi. Alisikia, Dafroza. Miaka yote hiyo hajawahi kutukumbusha.

Basi Jumapili ya kipaimara, kabla samaki hajakatwa, nilikata jani la masale. Yapo huku! Wanayauza madukani kwenye vyungu kama pambo la sebuleni, hawajui wameshika nini. Nikalifunga fundo kama tunavyofanya kwetu tukiomba msamaha, nikampelekea mbele ya wote. Watu walidhani naomba radhi kwa kumshika mkanda. Nikawaambia hapana, ni kwa maneno ya jikoni. Masale hayakataliwi. Akalipokea kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Yameisha, Mama." Kisha akavuta kiti, akakaa mezani, akala pamoja nasi.

Msalimie sana Shemeji, na jirani yako Gracieuse. Clara anasema asante kwa kitambaa. Mungu akulinde wewe na hilo goti.

Ndani ya bahasha utakuta jani la pili. Sijalifunga fundo, hilo ni la kufunga mwenyewe. Ulilete kwa mkono wako, usimtume mtu. Pius amesema atakuja kukupokea stendi.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata unapoudhi,
Eliakunda