Jina Lililotajwa Burnt Forest

Eldoret,
Jumapili jioni.

Kwa kaka yangu mpendwa Maurice,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na wifi Brigid na watoto pia. Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Mungu, ila baridi ya mwezi huu imetuonea.

Umeniuliza kwa simu kwa nini nafunga ofisi, nami nikakwepa. Kwa simu ningelia, na unajua nikilia siongei la maana.

Kazi yangu unaijua: kuchukua filamu za vijana wetu wasio na kampuni kubwa nyuma yao na kuzitafutia watazamaji katika miji midogo kama Ziwa na Moi's Bridge, popote penye ukumbi wa kanisa au kibanda cha video. Mwaka jana Mwihaki, mmoja wa vijana hao, alinipa filamu yake kuhusu mama anayemngoja mwanawe aliyepotea wakati wa vurugu za uchaguzi. Filamu nzuri, lakini kimya mno, na huyo mwana hana hata jina. Watu wetu wamezoea DJ anayesimulia juu ya picha na kuwabatiza wahusika majina ya mtaani. Kwa hivyo nilipoipeleka Burnt Forest nilimwita Kiptoo, maana hakuna DJ anayemshinda ulimi. Mwihaki alinung'unika, nikamwambia mgeni hupewa chakula anachokila.

Kiptoo akambatiza yule mwana Muchiri. Jina lilimjia tu. Picha ikiendelea, mama mmoja mzee akasimama akauliza, huyo Muchiri mmemwona wapi? Kumbe naye alikuwa na mwana aitwaye Muchiri. Muchiri wake alitoka kwenda kuhamisha ng'ombe, Januari ile ya 2008, na hakurudi.

Niliona haya, Maurice, nikatamani ardhi inimeze. Kesho yake nikaiondoa filamu kila mahali. Mwihaki akaichukua, akawaambia wenzake kwamba mimi nazika kazi za watu, nao wakaniacha mmoja mmoja, ofisi ikakosa kazi. Nilijifariji kwamba angalau nimemhurumia mama wa watu.

Wiki iliyopita mama huyo alikuja ofisini. Nikaanza kumwomba msamaha, akanikatiza. Alitaka kujua ile picha itaonyeshwa tena lini. Akaniambia hajachanganyikiwa, anajua mwanawe hatarudi. Lakini tangu mwaka ule majirani, kwa huruma yao, waliacha kumwita Mama Muchiri, wakawa wanamwita Mama Nyokabi, kwa jina la bintiye. Nyumbani hata mumewe halitaji jina la Muchiri. Miaka yote hiyo, ni katika ukumbi ule tu alipolisikia jina la mwanawe likitajwa kwa sauti mbele za watu, ndiyo sababu miguu ilimsimamisha.

Sikuwa na la kumpa. Filamu anayo Mwihaki, na ndani yake mwana hana jina. Jina lilikuwa mdomoni mwa Kiptoo, na hakuna aliyerekodi. Kumbe kwa huruma yangu nilifanya yaleyale ya majirani, na inaniuma hadi sasa ninapoandika.

Nilimsindikiza hadi stendi. Alipokuwa akipanda gari nikamwita, Mama Muchiri. Alisimama na mguu mmoja mlangoni, akaitika, akangoja, kana kwamba anataka nimwite tena. Nikamwita tena.

Basi sasa unajua, kaka. Usinihimize kufungua upya, bado sina moyo. Nisalimie wifi na watoto, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi dada yako,
Nangila